Dumu la Mafuta Lisigeuzwe Dumu la Tindikali

Hotuba kwa mafundi betri, watengenezaji sabuni, watunza stoo za shule na wachenjuaji wadogo wa dhahabu, iliyotolewa Nyakato, Mwanza, na kuandikwa na msemaji mwenyewe

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Mama zangu, kaka zangu na vijana wangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya vyombo vya kuhifadhia tindikali na kemikali nyingine kali, na nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu katika miaka yote niliyofanya kazi ya maabara sijaona jambo linalodharauliwa na kuumiza watu kama hili. Mtu anaponunua tindikali huuliza bei, huuliza nguvu yake, hata hupima kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa kimiminika, mbele ya muuzaji. Akifika karakana huimimina kwenye chombo chochote kilicho tupu. Kwake chombo ni kama ukuta, kipo tu. Mimi naomba leo tukihesabu chombo kuwa kitu kimojawapo kinachokutana na kemikali, tena kinachokutana nayo usiku na mchana, miezi na miaka, wakati wewe unakutana nayo dakika chache tu unapomimina.

Hapa mezani nimeweka dumu la njano la lita 20, lile lililokuja na mafuta ya kula, ambalo hakuna nyumba kuanzia Igoma hadi Kirumba isiyokuwa nalo. Ni dumu zuri kwa kazi yake. Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji, na lita 20 za mafuta zina uzito wa kilo 18 na kitu. Tindikali ya salfuriki isiyozimuliwa, ile nzito ya asilimia 98, lita yake moja ina uzito wa kilo 1.84, kwa hiyo lita 20 ni takribani kilo 37. Maana yake ni kwamba kabla hatujauliza kama tindikali itaila plastiki au haitaila, tumekwisha kulitwika dumu hili mzigo mara mbili ya ule lililokusudiwa kuubeba, kisha tunalinyanyua kwa mpini wake na kulipitisha juu ya magoti yetu.

Niwasimulie niliyoyaona. Miaka mingi iliyopita niliitwa katika shule moja ya kanda hii kuhesabu kemikali kabla ya mitihani ya vitendo. Chini ya meza ya stoo kulikuwa na dumu kama hili, ila jeupe, limeandikwa kwa kalamu ya wino kwamba ni asidi ya naitriki. Sehemu ya juu, usawa wa mabega ya dumu, ilikuwa bado nyeupe kiasi. Kuanzia pale tindikali ilipofika kwenda chini, plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na juu yake kulikuwa na mistari myembamba iliyokatana, kama tope la ufukweni pale ziwa linaporudi nyuma na jua likalipiga wiki mbili. Nilivaa glavu, nikalibonyeza kwa kidole gumba. Plastiki isiyoharibika huingia ndani na kurudi; ile haikuingia hata kidogo, ilitoa mlio mkavu kama ganda la yai. Nikageuka kumwambia kijana aliyekuwa akinisaidia asiliguse, lakini alikuwa amekwisha kushika mpini. Dumu lilipanda kiasi cha kiganja kimoja, na kitako kikabaki sakafuni.

Kijana yule alikuwa amevaa ndala. Tulimtoa nje haraka kwa sababu moshi wa kahawia ulikuwa umeanza kujaa chumbani, tukamwagia maji miguuni bila kukoma kwa zaidi ya dakika 20 kabla gari halijafika. Alipona, ila makovu anayo hadi leo. Mlinzi wa shule, kwa nia njema kabisa, alikuja mbio na gunia la maranda ya mbao ili akaushe sakafu, nami nikamzuia mlangoni, kwa kuwa naitriki kali ikikutana na maranda inaweza kuyawasha moto. Tulitumia mchanga mkavu.

Naitriki ina tabia mbili: inachoma kama tindikali nyingine, na pia hutoa oksijeni yake kwa chochote kinachoweza kuungua, kiwe mbao, spiriti, karatasi au plastiki. Plastiki ile ngumu ya poliethilini, ambayo huvumilia kemikali nyingi mno, huoksidishwa na naitriki kali polepole hadi ikakosa unyumbufu wake. Ndiyo maana makao yake ya kuaminika ni chupa ya kioo, tena kioo cha kahawia, kwa sababu mwanga huivunja na kuzalisha gesi ile ya kahawia inayoifanya naitriki ya zamani iwe ya manjano. Kanuni za kimataifa za usafirishaji huruhusu kutumia pipa au dumu maalumu la plastiki kwa kemikali za hatari kwa miaka 5 tangu lilipotengenezwa, lakini kwa naitriki iliyozidi asilimia 55 muda huo hupunguzwa kuwa miaka 2 tu. Kama dumu lililotengenezwa na kujaribiwa kwa ajili ya kazi hiyo hupewa miaka miwili, dumu la mafuta tutalipa muda gani?

Kuna swali ambalo mafundi huniuliza, na ni swali la akili. Wanasema: mbona tunaona malori yanabeba tindikali ya salfuriki kwenye tangi la chuma, na sisi tukitumbukiza msumari kwenye maji ya betri unaliwa mbele ya macho yetu? Jibu ni kwamba salfuriki kali ya asilimia 98 ikigusa chuma hutengeneza juu yake utando wa chumvi ya chuma, na utando huo ukikaa bila kusumbuliwa huizuia tindikali isiendelee kula. Maji ya betri yana salfuriki kiasi cha asilimia 35 tu, sehemu kubwa iliyobaki ni maji, na maji huuyeyusha utando ule. Chuma kinabaki uchi, kinaliwa, na gesi ya haidrojeni inatoka. Kwa hiyo tindikali iliyopunguzwa nguvu, ambayo tunaidhania kuwa ndiyo ya upole, ndiyo isiyotakiwa kabisa kukaa kwenye chuma. Na hata ile kali hunyonya unyevu wa hewani kwa pupa. Hapa kwetu, ambako hewa ya ziwa inaingia kila karakana, pipa la chuma lililobaki na tindikali kidogo chini, kizibo chake kikalegea, hujizimulia lenyewe tindikali hiyo na kuanza kuliwa kwa ndani huku nje rangi yake ikiwa bado nzuri. Fundi akija na mashine ya kulehemu ili alikate lipate kutumika kwa kazi nyingine, analikata likiwa limejaa haidrojeni. Tafadhali sana, pipa lililowahi kuwa na tindikali lisipelekwe kwa mchomeleaji.

Maji ya betri yakae kwenye dumu la poliethilini nzito, lile lenye alama ya pembetatu na namba 2, lenye kizibo cha plastiki. Haidrokloriki vilevile hukaa vizuri humo, au kwenye kioo. Tatizo la haidrokloriki ni mvuke wake, ambao hupenya kizibo kilichokazwa vibaya na kula kufuli, bawaba, mizani na misumari ya rafu. Ukiingia stoo ukakuta kila chuma kina kutu mpya wakati mvua hainyeshi, tafuta chupa ya haidrokloriki.

Sasa nizungumze na mama zangu mnaotengeneza sabuni, maana kostiki soda nayo mmeizoea hadi mmeisahau ukali wake. Kostiki si tindikali, ni upande wa pili kabisa, na vyombo vyake navyo ni vya upande wa pili. Sufuria ya alumini, ambayo ndiyo iliyo karibu na mkono jikoni, huliwa na kostiki na kutoa haidrojeni; ile sufuria inayochemka yenyewe bila moto haichemki, inayeyuka. Chupa ya kioo, ambayo kwa tindikali nimeisifu, huliwa na kostiki polepole, na kama kizibo chake ni cha kioo kilichosuguliwa basi huganda shingoni na hakitoki tena bila kuvunjika. Chupa ya maji ya kunywa, ile laini yenye namba 1 chini, imetengenezwa kwa plastiki ambayo kostiki huikatakata minyororo yake, na kwa kuwa kostiki ikiingia majini huzalisha joto kali, chupa hiyo hulegea mkononi mwako ukiwa bado unaitikisa. Tumieni ndoo nzito ya plastiki yenye namba 2 au 5, maji yatangulie ndani ya ndoo, kostiki ifuate kidogo kidogo, kama vile tindikali nayo inavyotakiwa kuingizwa kwenye maji na kamwe si maji kwenye tindikali. Na ile kostiki kavu ifungwe vizuri, kwa sababu ikiachwa wazi hunyonya maji na hewa ya ukaa hadi ikawa tope lisilojulikana nguvu yake.

Lakini hata kama chupa ya maji ingekuwa imara kama mwamba, bado ningewaomba msiitumie. Kostiki iliyoyeyuka ni angavu kama maji. Maji ya betri ni angavu kama maji. Mtoto anayerudi kutoka shule saa nane mchana na kiu yake haendi kusoma alichoandika baba yake kwa kalamu. Anaiona chupa anayoijua, anaikamata. Kostiki inaunguza koo na njia ya chakula kwa kina, na kovu lake likishakaza mtoto hawezi kumeza hata uji. Likitokea jambo hilo, Mungu apishe mbali, msimtapishe, kwa sababu kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Msukutueni kinywa na mumkimbize hospitali pamoja na chombo chenyewe ili daktari ajue anapambana na nini. Hakuna haraka ya kazi inayohalalisha chupa ya maji, ya soda au ya juisi kuwekewa kemikali, hata kwa dakika tano, hata kama unaiweka juu ya kabati. Katika yote nitakayosema leo, hili ndilo ambalo silegezi.

Niende kwenye vizibo, kwani chombo ni pamoja na kizibo chake. Wenye saluni, watu wa viwanda vya minofu ya samaki na wote wanaotumia klorini ya maji au peroksaidi ya haidrojeni, mmeona kwamba dumu linalotoka kiwandani lina kizibo chenye tundu dogo lililozibwa kwa kiwambo chembamba. Tundu lile limewekwa makusudi. Kemikali hizi mbili hujivunja zenyewe polepole na kutoa gesi, na joto huzidisha kasi hiyo. Lita moja ya peroksaidi ya asilimia 30 ina uwezo wa kutoa zaidi ya lita 100 za oksijeni. Fikirieni gesi hiyo inatafuta pa kutokea ndani ya dumu lililokazwa. Kijana mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi aliona kizibo cha dumu kama hilo kinatoa harufu, akakibadilisha akaweka cha dumu la mafuta, akakikaza kwa koleo kwa kuwa alitaka kutukinga. Tulilikuta asubuhi limetuna kama kibuyu, pembe zake zote zimepotea. Tuliliacha, tukafunga mlango, tukarudi jioni hewa ilipopoa, na tukakilegeza kizibo robo mzunguko kwa robo mzunguko tukiwa tumevaa ngao ya uso. Kutu kidogo, vumbi la shaba au uchafu wa mkono ukiingia kwenye peroksaidi huiharakisha zaidi, kwa hiyo kilichomiminwa nje kisirudishwe ndani hata kama hakijatumika.

Hapo kuna jambo linalohusu Mwanza yetu hasa. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Dumu lililojazwa na kufungwa Dar es Salaam, pale pwani, likifika hapa hukuta mgandamizo wa hewa ya nje ni mdogo kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, nalo hutuna kidogo hata kama lililomo ndani ni maji matupu. Mtunza stoo asiyejua hili huogopa kila dumu jipya, na baada ya kuzoea huacha kuogopa hata lile linalotuna kwa sababu ya gesi. Fanyeni hivi: dumu likifika, lifungueni kwa uangalifu mahali penye hewa, lipumue, kisha lifungeni. Lililotuna kwa sababu ya mwinuko tu halitatuna tena. Likituna mara ya pili, kuna kitu kinavunjika ndani, na hilo lisogezwe kivulini, mbali na vitu vinavyoungua, na msimamizi aitwe. Stoo zetu nyingi ni za bati, nyingine zimejengwa mgongo kwa mgongo na miamba inayotunza joto la mchana hadi usiku. Dumu la peroksaidi halipaswi kukaa humo bila paa kuwekewa dari na ukuta kutobolewa matundu ya hewa.

Ndugu zangu wachenjuaji, kwenu chombo kinaweza kuwa sahihi na bado stoo ikaua. Mnayo sayanidi kwa ajili ya dhahabu, mnayo haidrokloriki ya kuoshea kaboni inayonasa dhahabu, mnayo kostiki ya kuitunza sayanidi isigeuke gesi. Nimeingia kwenye mtambo mmoja nikakuta kila kimoja kiko kwenye chombo kinachostahili, vizibo vizuri, majina yameandikwa, ila vyote vimesimamishwa ndani ya karo moja la zege la kuzuia kumwagika. Karo lile lilijengwa kwa nia njema. Lakini siku dumu la haidrokloriki likivuja na mfuko wa sayanidi ukiwa umechanika, karo ndipo watakapokutana, na wakikutana hutoa gesi ya sayanidi ya haidrojeni inayoweza kumuua mtu kwa dakika chache. Sayanidi iwe na chumba chake kikavu kilichofungwa, haidrokloriki iwe na karo lake, na maji ya sakafu ya chumba kimoja yasiweze kutiririkia chumba cha pili. Hali kadhalika kwa klorini na tindikali yoyote. Nanyi masonara mnaochanganya naitriki na haidrokloriki ili kuyeyusha dhahabu, tengenezeni kiasi cha kazi ya siku hiyo tu, kwenye kioo, wala msikifunge. Mchanganyiko ule huendelea kutoa gesi, na chupa iliyofungwa itapasuka rafuni mmelala.

Walimu wa shule, kwenu nitapita haraka kwa kuwa mengi mnayafundisha: sodiamu, ile metali isiyotakiwa kugusa maji wala hewa, ibaki imezama kwenye mafuta ya taa, na kiwango cha mafuta hayo kikaguliwe kila muhula. Kwa wanaonunua dawa za kuondoa kutu, someni kama zina asidi ya haidrofloriki, ambayo hula kioo chenyewe na huhifadhiwa kwenye plastiki tu. Ndiyo inayotuonyesha kwamba kusema tindikali zote ni za chupa ya kioo ni kosa.

Je, dumu zuri utalitambuaje sokoni? Ligeuze. Dumu lililojaribiwa kwa kemikali za hatari lina duara lenye herufi ndogo u na n, na mbele yake maandishi kama 3H1/X1.9/250. Hiyo 3H1 inasema ni dumu la plastiki lenye mdomo mdogo, ambalo sehemu yake ya juu haifunguki yote. Herufi X hubeba kemikali za madaraja yote ya hatari, Y hubeba za kati na za chini, Z hubeba za chini tu. Namba inayofuata, 1.9, ndiyo inayojibu lile suala la uzito nililoanza nalo: dumu limejaribiwa kwa kimiminika kizito hadi mara 1.9 ya maji, basi salfuriki ya 1.84 inaingia humo. Kama imeandikwa 1.4, isiingie. Kisha utaona mwaka wa kutengenezwa, na mara nyingi duara dogo kama saa lenye mshale unaoelekeza mwezi. Anza kuhesabu miaka mitano kutoka hapo, usianzie siku uliyolinunua. Usilijaze hadi shingoni, acha nafasi, kwa kuwa kimiminika kikipata joto huongezeka.

Nimebakiza la madumu yanayoondoka kazini. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Na. 3 ya mwaka 2003, inaangalia kemikali pamoja na masalia yake, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza kwa mwenye swali. Lakini nimeona kwa macho yangu mapipa ya bluu yaliyotoka kwenye kazi ya kemikali yakiuzwa kando ya barabara, na mama mmoja akilisukuma lake kwenda nyumbani akaweke maji ya kunywa kwa sababu mgao umemchosha. Muuzaji alilisuuza mara moja. Maji ya suuza yalikwenda mtaroni, mtaro unakwenda Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Pipa la kemikali lirudishwe kwa aliyewauzia kemikali akilipokea; asipolipokea, lisafishwe mara tatu na maji hayo yatunzwe kama taka ya kemikali, kisha litobolewe kitako ili lisiweze kubeba maji ya mtu yeyote.

Mwenyekiti amenikumbusha kwamba baadhi yenu mmekuja na vyombo vyenu kama tulivyoombana. Visogezeni hapa mbele vikiwa vitupu, tutavigeuza kimoja kimoja na kusoma kilichoandikwa chini, na tuanze na ile galoni nyeupe ya fundi betri aliyekaa karibu na mlango, kwa sababu naona kutoka hapa nilipo kwamba kitako chake kimeanza kubadilika rangi.